Ramani ya Tana inapohama mita 300: Makosa ya kubadilisha mifumo ya ramani na namna ya kuyasahihisha

Ramani za zamani za bonde la Mto Tana na picha za kisasa za setilaiti hazikubaliani kuhusu mahali mto ulipo. Zinapofunguliwa pamoja katika kompyuta, mara nyingi mto mmoja huonekana kama miwili, mmoja ukiwa takriban mita 300 kaskazini ya mwingine. Shule husogea hadi kichakani, barabara hukatiza mashamba, na kijiji kilicho ukingo mmoja huonekana kimevuka maji.

Kosa hili halitokani na uzembe wa wachoraji wala ubovu wa setilaiti. Ramani zote mbili huenda ni sahihi, kila moja kwa kipimo chake. Kinachokosewa ni maelezo ambayo programu ya ramani imepewa kuhusu kipimo hicho. Programu haijui Garsen iko wapi. Hupokea nambari pamoja na jina la mfumo uliozizaa, kisha hutii. Jina likiwa la uongo, ramani pia itakuwa ya uongo, ingawa itapendeza machoni.

Mita 300 katika ardhi ya Garsen

Kwenye ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000, mita 300 ni milimita 6 tu. Katika ardhi yenyewe hesabu ni nyingine. Shamba la ekari moja lenye pande sawa lina upande wa takriban mita 64, kwa hiyo mita 300 hupita juu ya mashamba manne na kuelekea kumaliza la tano.

Katika bonde la Tana, Wapokomo hulima kwenye udongo wenye rutuba ulioachwa na mafuriko kando ya mto. Waorma na Wawardei ni wafugaji ambao kiangazi kinapozidi huleta mifugo mtoni kupitia njia maalumu zinazojulikana kama malka. Mashamba na njia hizo hukaa bega kwa bega. Mstari wa malka ukisogezwa mita 300 ndani ya kompyuta, huangukia shamba la mtu. Mstari wa shamba ukisogezwa hivyo hivyo, huziba njia ya ng'ombe.

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya jamii kwenye delta ya Tana. Chanzo cha mauaji hayo hakikuwa ramani. Hata hivyo, ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa sana, na tangu wakati huo mistari mingi imechorwa juu ya eneo hilo. Delta hiyo ilitambuliwa mwaka wa 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na hekta 163,600. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ulitolewa mwaka wa 2015. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016 nayo inadai ardhi za jamii zipimwe na kusajiliwa. Kila mstari kati ya hiyo hupitia kompyuta kabla ya kufika kwa wananchi.

Misingi miwili ya upimaji

Dunia si mpira kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha zake, na wapimaji hulazimika kuchagua umbo la hesabu linaloikaribia. Baada ya hapo huamua umbo hilo limefungwa wapi kwenye dunia halisi. Uamuzi huo wa pili ndio unaoitwa datamu, yaani msingi ambao vipimo vyote huanzia.

Ramani za Idara ya Upimaji ya Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa juu ya datamu iitwayo Arc 1960. Neno Arc linahusu tao, yaani mstari mrefu wa vipimo uliofuata longitudo ya 30 kupita katikati ya Afrika, kazi iliyopendekezwa na mwanaastronomia David Gill katika karne ya 19. Mwanzo wa hesabu zake uko Buffelsfontein, Afrika Kusini, na umbo la dunia linalotumiwa ni lile lililokokotolewa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka wa 1880.

Vifaa vya GPS hutumia datamu nyingine, WGS 84, iliyotayarishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Hii haikufungwa mahali pamoja katika bara moja. Imefungwa kwenye kitovu cha dunia nzima.

Kitovu cha Arc 1960 na kitovu cha WGS 84 haviko mahali pamoja. Kwa Kenya, tofauti inayotumiwa sana ni hasi 157, hasi 2 na hasi 299, zikiwa mita katika pande tatu. Karibu na Garsen matokeo yake ni haya: mahali pale pale husomeka katika WGS 84 kwa nambari iliyo pungufu ya takriban mita 300 upande wa kaskazini, na iliyozidi kwa takriban mita 100 upande wa mashariki.

Kwa miaka mingi tofauti hii haikuwasumbua wengi. Hadi Mei 2, 2000, Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yaliyotumiwa na raia, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Uvurugaji huo ulipoondolewa, kifaa cha mkononi kikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi wa mita chache, na pengo la datamu likajitokeza wazi.

Kutoka duara hadi karatasi

Baada ya datamu huja projeksheni, yaani njia ya kulaza uso wa dunia uliojikunja juu ya karatasi bapa. Kenya hutumia UTM, ambayo hugawanya dunia katika kanda 60 zenye upana wa digrii 6 kila moja. Magharibi mwa Kenya ni kanda ya 36 na mashariki ni kanda ya 37. Mpaka wa kanda hizo ni longitudo ya 36, inayopita karibu na mji wa Nakuru. Kila kanda ina sehemu ya kaskazini na ya kusini ya Ikweta.

Garsen iko takriban digrii 2.27 kusini na digrii 40.12 mashariki, kwa hiyo ni ya kanda ya 37 Kusini. Nambari zake za UTM, au koodineti, ni takriban 624,500 kwa mashariki na 9,749,000 kwa kaskazini. Nambari ya pili ni kubwa kwa sababu kusini mwa Ikweta huongezwa mita 10,000,000 ili kuepuka hesabu za hasi.

Programu nyingi huitambua mifumo hii kwa nambari za EPSG, orodha iliyoanzishwa na wapimaji wa kampuni za mafuta za Ulaya. Kwa Tana River zinazohitajika zaidi ni 21037, ambayo ni Arc 1960 ya kanda ya 37 Kusini, na 32737, ambayo ni WGS 84 ya kanda hiyo hiyo. Nambari 4210 ni ya digrii za Arc 1960, na 4326 ni ya digrii za WGS 84.

Kubandika jina si kubadilisha

Kosa linalozaa makosa mengi ni kuchanganya amri mbili zilizomo katika kila programu ya ramani, iwe QGIS, ArcGIS au GRASS.

Amri ya kwanza hubandika jina la mfumo juu ya faili. Haigusi nambari hata moja. Kazi yake ni kuiambia programu kwamba nambari hizi zilipimwa kwa mfumo fulani. Hutumiwa pale faili ilipopotewa na maelezo yake, au yalipoandikwa vibaya.

Amri ya pili hubadilisha nambari zenyewe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na huandika faili mpya. Hutumiwa pale faili yenye jina sahihi inapohitajika katika mfumo tofauti.

Mfano wake ni lugha. Amri ya kwanza ni kuandika kwenye jalada kwamba kitabu kimeandikwa kwa Kipokomo. Amri ya pili ni kukitafsiri kwa Kiswahili. Anayebandika neno "Kiswahili" juu ya kitabu cha Kipokomo hajatafsiri chochote.

Mtu mwenye faili ya Arc 1960 anayetaka WGS 84, kisha akabandika tu jina la WGS 84, ndiye anayezalisha mto wa pili. Ubaya zaidi ni kwamba umbo la shamba halibadiliki na ekari zake hubaki vilevile. Afisa anayekagua ukubwa peke yake ataona kila kitu ni sawa. Kilichoharibika ni mahali tu, na mahali hujulikana na wale walio mashambani.

Garsen imekwenda wapi?

Makosa makubwa ni rahisi kuyatambua kwa sababu kila moja hupeleka Garsen mahali pake maalumu. Mtumiaji anayeona tabaka limetoweka kwenye skrini aiamuru programu ionyeshe tabaka hilo zima, kisha asome lilipoangukia.

Ikiwa Garsen imeonekana karibu na Ncha ya Kaskazini, nambari za kanda ya 37 Kusini zimebandikwa jina la 37 Kaskazini. Dawa yake ni kusahihisha jina.

Ikiwa imeangukia kaskazini mwa Tanzania, pande za Serengeti, kanda ya 36 imeandikwa mahali pa kanda ya 37. Kosa hilo huhamisha kila kitu digrii 6 kuelekea magharibi, ambazo ni zaidi ya kilomita 660.

Ikiwa imeangukia Kaunti ya Wajir, alama ya hasi ya latitudo imesahaulika, na digrii 2.27 kusini zimekuwa digrii 2.27 kaskazini.

Ikiwa imeangukia Uhispania, mashariki ya Madrid, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Kosa hili hutokea sana nambari zinaponakiliwa kutoka jedwali, kwa kuwa baadhi ya programu hutaka longitudo itangulie na nyingine hutaka latitudo.

Ikiwa imeangukia Antaktika, au magharibi mwa Kenya si mbali na Maseno, digrii zimesomwa kana kwamba ni mita. Nambari 40.12 imechukuliwa kuwa mita 40 kutoka mwanzo wa kanda. Jina la 37 Kusini huipeleka Antaktika, na jina la 37 Kaskazini huipeleka Maseno.

Tahadhari inahitajika pia kwa herufi. Vifaa vingi vya GPS huandika Garsen kuwa iko 37M. Herufi M hapo ni jina la mshazari wa latitudo kutoka Ikweta hadi digrii 8 kusini. Katika mpangilio huo huo, 37S si Kusini. Herufi S ni ya eneo lililo kati ya digrii 32 na 40 kaskazini. Anayeandika kumbukumbu za upimaji aandike neno "Kusini" kwa ukamilifu.

Kosa dogo ndilo la hatari

Ramani iliyofika Uhispania haimdanganyi mtu. Ile iliyosogea mita 300 ndiyo inayochapishwa na kubandikwa ukutani. Kosa hilo nalo lina mwelekeo unaolitambulisha.

Tabaka likiwa limesogea takriban mita 300 kaskazini na mita 100 magharibi ya mahali pake, nambari za Arc 1960 zimebandikwa jina la WGS 84. Likiwa limesogea kusini na mashariki kwa kiasi hicho hicho, nambari za GPS zimebandikwa jina la Arc 1960. Likiwa limesogea zaidi ya mita 600, huenda marekebisho yamefanywa kinyume, pale palipohitajika kutoa mtu amejumlisha.

Hutokea pia kwamba jina ni sahihi lakini programu haikupewa njia ya kuvuka kutoka datamu moja hadi nyingine. Baadhi ya programu za zamani, zikikosa njia hiyo, huchukulia kwamba tofauti ni sifuri. Pale programu inapotoa orodha ya njia, iliyokusudiwa Kenya ndiyo ichaguliwe. Ipo nyingine ya wastani wa Kenya na Tanzania, ambayo ni hasi 160, hasi 6 na hasi 302, na nyingine ya Tanzania peke yake. Tofauti kati yao mahali hapa ni ya mita chache. Zote zinafaa kwa mipango ya ardhi na uchoraji wa mafuriko. Hazifai kuweka mawe ya mipaka ya viwanja, kazi ambayo sharti ifanywe na mpimaji mwenye leseni, kwa vipimo vya uwandani.

Kitu kingine kinachopoteza watu ni kulinganisha matabaka papo hapo. Programu za kisasa huyaonyesha matabaka ya mifumo tofauti yakiwa yamelingana kwenye skrini bila kubadilisha faili zenyewe. Mtumiaji huridhika, akatuma faili kwa ofisi nyingine, na huko hazilingani tena. Faili itakayotumwa ibadilishwe kwanza, na faili ndogo yenye kiambishi prj isiachwe nyuma, kwa kuwa ndiyo inayobeba jina la mfumo.

Picha za setilaiti na hesabu za eneo

Picha za Landsat, ambazo Marekani imezitoa bure tangu mwaka wa 2008, hutumia kanda za Kaskazini hata kwa nchi zilizo kusini mwa Ikweta. Garsen katika picha hizo ina nambari ya kaskazini ya takriban hasi 251,000. Hilo si kosa, na jina lake lisifutwe. Anayehitaji 37 Kusini aibadilishe picha kwa amri ya pili.

Kubadilisha picha huilazimu programu kukisia upya thamani ya kila pikseli. Kwa ramani za aina za ardhi, ambapo 1 ni msitu na 5 ni mpunga, itumiwe njia ya kuchukua jirani wa karibu zaidi. Njia ya wastani hufaa kwa mwinuko au joto. Ikitumiwa kwa aina za ardhi, wastani wa msitu na mpunga huzaa 3, ambayo huenda ni makazi ya watu yasiyokuwapo.

Eneo na umbali vipimwe katika mfumo wa mita kama 32737. Ekari zilizokokotolewa moja kwa moja kutoka digrii hazina maana. Projeksheni ya ramani za mtandaoni, yenye nambari 3857, nayo si ya kupimia. Huko Ulaya hukuza maeneo hata mara mbili au zaidi, lakini Garsen iko karibu mno na Ikweta na kosa haliifikii asilimia 1. Kwa sababu hiyo mtumiaji wa Tana anaweza kuzoea desturi mbaya bila kuadhibiwa, na kuadhibiwa siku atakapofanya kazi kwingineko.

Wakati mto wenyewe umehama

Si kila kutolingana ni kosa la kompyuta. Mto Tana hupinda na kujikata, na mafuriko makubwa kama ya El Nino ya 1997 na 1998 huweza kubadilisha mikondo yake. Maziwa yaliyo kando ya mto katika delta ni ushahidi wa njia ambazo maji yalipita zamani. Ramani iliyochorwa miaka 50 iliyopita yaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mto ambao haupo tena mahali hapo.

Kosa la mfumo huhamisha kila kitu pamoja, kwa umbali mmoja na mwelekeo mmoja, kuanzia Garsen hadi Kipini. Mto unapohama, hubadilika hapa mita 50, pale mita 400, na kwingine hausogei hata kidogo, huku shule na makutano ya barabara yakibaki palepale. Kwa hiyo mto usitumiwe kamwe kuwa kipimo cha kulinganisha ramani za Tana. Vitumiwe vitu visivyohama.

Kuna wanaoona tabaka limesogea, wakalivuta kwa mkono hadi lilingane na mto wa kwenye picha. Hao hufuta kwa mara moja kosa la mfumo na historia ya mto, na hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena.

Hatua za kufuata

Kabla ya kusahihisha chochote, faili asili inakiliwe na kuwekwa kando. Kisha:

1. Nambari zenyewe zisomwe. Za digrii huwa ndogo kama 40.12. Za UTM huwa na tarakimu sita kwa mashariki na saba kwa kaskazini.

2. Pembezoni mwa ramani ya karatasi pasomwe, kwa kuwa datamu na projeksheni huandikwa hapo. Ramani za zamani za viwanja huweza kuwa za projeksheni ya Cassini na kupimwa kwa futi.

3. Jina sahihi libandikwe kwanza, na kubadilisha kufuate baadaye.

4. Angalau sehemu tatu zilizo mbalimbali, zisizohama, zilinganishwe na vipimo vya GPS vilivyochukuliwa papo hapo, huku kifaa kikiwa kimewekwa katika WGS 84.

5. Mfumo wa awali, mfumo mpya, njia ya kuvukia na tarehe viandikwe ndani ya maelezo ya faili.

6. Ramani ipelekwe uwandani kabla ya kutiwa saini. Mkulima na mfugaji wasimame pamoja kwenye malka, na mstari ulio kwenye karatasi ulinganishwe na njia wanayoijua kwa miguu.

Hatua ya mwisho haimo katika programu yoyote, lakini ndiyo inayogundua upesi mita 300 ambazo kompyuta haikuziona.